Kilti ya ukweli kwa bei ya kawaida: ninunue wapi na lini? (Nina harusi ya dada mwezi wa sita)

KijanaWaTandale:
Wakuu salaam. Niko Glasgow miaka mingi sasa ila sijawahi kuvaa kilti, lile vazi la marinda la wanaume wa Kiskoti, sherehe zao huwa natinga suti yangu nyeusi maisha yanaenda. Sasa dada angu anaolewa na Mskoti mwakani mwezi wa sita, harusi ipo Perthshire huko mashambani, na shemeji kasema wanaume wa pande zote mbili wavae kilti, mpaka baba mdogo anayetoka Tanga. Nimekubali wala sina noma, ila bei ndo zinanichanganya. Juzi nimepita Royal Mile pale Edinburgh kilti zimening'inia nje pauni 50, nikaenda kwa fundi mtaa wa nyuma naambiwa pauni 650 na hapo ni kilti tupu, koti, soksi na kile kipochi cha mbele bado. Mtandaoni kuna za 120 nazo zinajiita daraja la kwanza. Tofauti ni nini hasa? Mfuko wangu ni pauni 300 nikibanwa sana 350, na nataka kitu ambacho hata baada ya harusi ntakivaa, Burns Night (usiku wa kumkumbuka mshairi wao Robert Burns), harusi za washkaji, hata Murrayfield kwenye raga. Sa hivi tuko mwezi wa kumi. Ninunue sasa, nisubiri Black Friday, au ina msimu wake? Anayejua atiririke.

Mpitanjia:
Kwa hiyo mkuu uzi mzima unatafuta sketi ya marinda 😂😂 majuu kugumu

BinKibokoni:
Wee unacheka sketi, babu yako kavaa kikoi maisha yake yote na hakuna aliyemuuliza. Wacheni kijana aulize mambo yake, sie wengine twataka kusoma.

MamaLeith:
Kijana karibu. Mimi nafanya kazi duka la kukodisha na kuuza hizi nguo huku Edinburgh, silitaji, kwa hiyo ntakwambia kilichopo bila kukuvuta popote.

Kilti unalipia vitu viwili, kitambaa na mikono. Kilti kamili ya kiume wanaiita ya yadi nane, ni kama mita saba na kitu za kitambaa. Fundi kwa kawaida anachukua yadi nne za kitambaa chenye upana mara mbili, anakipasua katikati kwa urefu anaunga, ndo anapata nane zake. Hicho kitambaa ni sufu tupu iliyosokotwa ikakaza, na uzito wake unatajwa kwa aunsi. Ya 10 au 11 nyepesi, 13 ya kati, 16 nzito. Hiyo 16 ndo inaanguka vizuri, ukitembea marinda yanacheza afu yanarudi yenyewe mahali pake, na upepo wa huku unaujua, nyepesi itakuaibisha mbele ya wakwe. Sasa kitambaa peke yake cha kilti moja kinapita pauni 200 kabla mtu hajashika sindano, kinafumwa kwenye viwanda kama Lochcarron kule Selkirk au House of Edgar wa Perth. Hapo weka kazi ya mkono, fundi mzuri anakaa na kilti moja saa kumi na tano, ishirini, kwa sababu kila rinda linatakiwa likutane na jenzake mchoro wa tartani (ile miraba ya rangi) usikatike nyuma, na kila rinda linapunguzwa kidogo kidogo kutoka makalioni kupanda kiunoni. Ndo maana unasikia 500, 650, 800. Hawakuibii.

Hiyo ya 50 ya Royal Mile ni akriliki, kitambaa kidogo, marinda yamepigwa pasi tu juu hayajashonwa kushuka mpaka usawa wa makalio. Ni nguo ya mtalii kupigia picha na mwisho wa siku anaenda nayo nyumbani kwao kwa furaha, wala sina ugomvi nayo, ila sio ulichouliza.

Hizo za 100 mpaka 200 mtandaoni nyingi ni PV, yaani polista imechanganywa na viskosi, mara nyingi yadi tano. Hapo katikati kuna nzuri na kuna takataka. PV nzuri inafumwa Yorkshire huko Marton Mills, inafuliwa kwenye mashine, haili nondo, kwa mtu wa kwenda mpirani inatosha kabisa. Mbaya ni ile ambayo hawakwambii kitambaa kimetoka wapi. Nyingi zinashonwa Sialkot Pakistani, mji huohuo unaotengeneza mabagipaipu (zile zumari za mfuko za Kiskoti), na wapo mafundi wazuri kule, shida muuzaji anaandika "imebuniwa Scotland" kwa herufi kubwa afu ilikoshonwa anaacha. Soma maneno vizuri, kubuniwa sio kushonwa.

KijanaWaTandale:
Mama shkamoo na asante sana, hapa nimepata darasa. Kwa hiyo kwa 300 nisahau sufu?

MamaLeith:
Marahaba mwanangu. Mpya ya kushonewa usahau. Iliyotumika wala usisahau, ndo nilikuwa naelekea huko.

Hesabu_Kali:
Samahani nawakatisha. Kwani asikodi? Kukodi seti nzima, kilti, koti, shati, soksi, viatu, kipochi, kila kitu, ni kati ya pauni 70 na 120 hivi. Siku ya harusi unavaa, Jumatatu unarudisha, hufui hupigi pasi. Mtu anatafuta kilti ya 300, afu lile koti fupi la sherehe la Prince Charlie, afu sporani (kile kipochi cha mbele), afu viatu, anajikuta 600 kwa nguo ya siku moja. Hii ni ile roho yetu ya kutaka kumiliki kila kitu.

KijanaWaTandale:
Nimesema ntavaa tena mkuu

Hesabu_Kali:
Kila mtu husema hivyo 😀

MsomiWaAberdeen:
Hesabu_Kali una hoja kwa baba mdogo na mabinamu wanaotoka Bongo, hao wakodi, wapimwe huko nyumbani watume vipimo mapema, wakifika wanachukua dukani. Ila kwa mtu anayeishi huku mialiko haiishi. Mtaani kwetu kuna harusi, kuna Burns Night tarehe 25 Januari, kuna St Andrew's, sikukuu ya taifa la Scotland, tarehe 30 Novemba, kuna mahafali ya chuo. Ukikodi mara tatu nne hela ya kilti iliyotumika imeshaisha. Na cha kukodi kimevaliwa na mkoa mzima, kiuno hakikai sawasawa, unacheza keili (ngoma yao ya Kiskoti) huku umeshikilia bizimu.

Njia ya katikati ambayo watu hawaisemi ni kununua kilti peke yake, koti ukakodi au ukanunua baadaye. Kilti nzuri na shati jeupe na tai, au sweta zito tu, umependeza tayari. Koti linaweza kusubiri mwaka.

Mtoro_wa_Bagamoyo:
Mi nauliza, fundi wa Kariakoo si anaweza kushona hii? Marinda tunashona kila siku sare za shule. Mtu anamtumia picha tu.

FundiShaaban:
Mimi ni fundi, niko Magomeni. Nimeshawahi kuletewa moja na mzungu nimtengenezee mkanda wake, nikaifumua kidogo kuangalia ndani. Mtoro sio sare ya shule ile. Ndani kuna turubai gumu la kushikilia kiuno, juu yake bitana, nyuma marinda yamekatwa kwa ndani pale kiunoni kupunguza unene maana ungebeba godoro mgongoni. Na chini haina pindo kabisa! Pale chini ni ukingo wa kitambaa wenyewe kama kilivyotoka kiwandani, kimefumwa hivyo makusudi. Sasa nipe kitambaa cha suti cha Kariakoo nitakushonea kitu kinafanana, ila ukingo sina, na uzito sina. Kushona naweza nikipewa muda, kitambaa ndo hakipo.

Halafu kwa sababu haina pindo ina maana haifupishwi kwa chini kirahisi. Hilo anayenunua mtumba alizingatie.

MamaLeith:
Fundi Shaaban umeongea kitu cha maana kuliko tovuti nyingi za huku. Urefu ndo kipimo cha kwanza kwenye mtumba, kiuno kinarekebishika, urefu hapana.

Sasa vipimo, wengi wanaharibu hapa. Kilti haikai pale jinzi inapokaa. Inakaa juu, usawa wa kitovu. Kwa hiyo usiniambie "mi navaa 34", hiyo 34 ni ya suruali na suruali zenyewe zinadanganya. Chukua futi kamba, zungusha kitovuni, simama kawaida usivute tumbo. Halafu zungusha makalioni pale penye unene kuliko pote. Halafu mtu mwingine akupime, sio wewe mwenyewe ukiinama, kutoka kitovuni mpaka katikati ya goti ukiwa umesimama wima. Vipimo vitatu hivyo ukiwa navyo kichwani unaweza kuingia popote.

Kiuno unaweza kusogeza bizimu na mikanda inchi moja, pengine mbili, fundi anafanya kwa pesa ndogo. Makalio hayasogei. Marinda yameshonwa mpaka pale, ukilazimisha yanafunguka nyuma kama feni na hapo hata iwe ya pauni 800 imeharibika.

Nairobi_to_Minnesota:
Niaje wadau. Huku Marekani kuna watu wa highland games (michezo ya jadi ya Kiskoti) kila summer, hao wasee wako serious. Nilikuwa nataka kuagiza kutoka Scotland pia. Kumbukeni ile ya zamani ya parcel ya chini ya dola 800 kuingia bila ushuru iliisha 29 Agosti 2025, saa hii unalipa. So hiyo bei unaona kwa website sio bei ya mwisho, ongeza. Wenye mko UK mna bahati.

BabaMdogoTanga:
Mimi ndiye baba mdogo anayetajwa humu, mpwa kanitumia huu uzi 😂 nimejisajili kwa ajili yake. Nikinunua huko nikiondoka nayo narudishiwa VAT uwanja wa ndege au vipi, maana zamani ilikuwepo.

MsomiWaAberdeen:
Shikamoo mzee. Ilifutwa Januari 2021 kwa Scotland, England na Wales, ukinunua dukani ukaondoka nayo begini hurudishiwi kitu. Kilichobaki ni duka lenyewe likikutumia Tanzania moja kwa moja, hapo wanaruhusiwa kukuuzia bila ile asilimia 20. Ila ikifika Dar TRA nao wapo, nguo ushuru wa forodha asilimia 35 kwa viwango vya Afrika Mashariki, na VAT 18 juu yake, pamoja na usafirishaji. Umekimbia mvua umeingia mtoni. Mzee kodi tu.

BabaMdogoTanga:
Marahaba. Basi nakodi, mradi soksi ziwe mpya.

KijanaWaTandale:
Sasa turudi kwa "lini" jamani maana naona Black Friday inakaribia na mkono unaniwasha.

MamaLeith:
Ntakwambia tunavyoishi sisi dukani. Harusi za huku zinaanza kushika kasi mwezi wa nne mpaka wa tisa. Watu wanaamka mwezi wa pili wa tatu kukimbilia mafundi, kwa hiyo kilti ya kushonewa inakuwa wiki nane, kumi, kumi na mbili foleni, na hapo hakuna punguzo kwa sababu hatuna haja ya kukupunguzia. Agosti ni Festival Edinburgh imejaa wageni, usije hata kuuliza bei. Mwisho wa Novemba mpaka tarehe 25 Januari kuna St Andrew's, Hogmanay (mwaka mpya wao), Burns, kila mtu anataka kilti, hata mtumba unapanda mtandaoni.

Kwa hiyo nafasi yako ni mbili. Moja ni sasa hivi, Oktoba na mwanzo wa Novemba, msimu wa harusi umeisha na maduka ya kukodisha yanahesabu mali. Ya pili ambayo mimi naipenda zaidi ni mwisho wa Januari mpaka Februari yote, Burns imepita, mifuko ya watu mitupu, na wenye maduka ya kukodisha wanatoa zile kilti wanazostaafisha kabla ya msimu mpya. Hizo ndo unazotaka. Kilti ya kukodisha nyingi ni sufu nzito, kwa sababu duka linataka idumu, imevaliwa pengine Jumamosi kadhaa, imesafishwa kila mara, inastaafu sio kwa sababu imechoka bali kwa sababu mitindo imebadilika, maharusi wa sasa wanataka rangi za kijivu kijivu. Inauzwa 100, 150, 180. Kwa mwezi wa sita Februari inakupa muda wa kutosha kusogeza bizimu.

Black Friday punguzo linakuwa kwenye seti nzima, koti na viatu ndani, na kilti ya kwenye seti za bei hiyo mara nyingi ndo ile PV nyepesi. Ukihitaji viatu na shati subiri Black Friday kwa hivyo. Kilti hapana.

MwanajeshiMstaafu_KE:
Wacha niongeze hapa. Nilitumikia jeshi la Uingereza, nikakaa na Waskoti. Kuna njia ingine watu hawaijui, kilti za jeshi. Regimenti za zamani, Gordon Highlanders, Argyll and Sutherland, ziliunganishwa mpaka mwaka wa 2006 zikawa Royal Regiment of Scotland, na hizo kilti za zamani bado zinazunguka kwa maduka ya surplus na mtandaoni. Kitambaa ni nzito kabisa, nzito kuliko hiyo 16, imeshonwa kuvumilia. Marinda ya jeshi nyuma yanapangwa kwa mstari, yaani kila rinda linaonyesha mstari mmoja badala ya kurudia mchoro mzima, ukisimama unaona mistari tupu ukitembea rangi inafunguka. Mimi naona ni smart kuliko ya kiraia.

Ubaya wake, zinakaa juu sana kiunoni, na vijana wa zamani walikuwa wembamba. Mtu wa kitambi kama mimi sasa hapati.

Ingine ni bendi za bagipaipu. Bendi ikibadilisha sare inauza zote kwa pamoja, saizi zote, sufu nzito, bei rahisi. Angalia kurasa za bendi za eneo lako.

Mpitanjia:
Ila jamani si kila ukoo una tartani yake? Huyu wa Tandale akivaa ya ukoo wa watu si atadaiwa mahari

MwalimuHistoria:
Mpitanjia umechokoza jambo zuri. Kisheria hakuna anayekukataza, ila kwa desturi zipo chache kama ile ya Balmoral ambayo ni ya familia ya kifalme. Na hayo mambo ya koo na tartani sio ya kale kama wanavyouza kwenye vikombe. Baada ya vita ya uasi wa 1745 serikali ya London ikapiga marufuku mavazi ya Highlands (nyanda za juu za Scotland) kwa sheria ya 1746, ikafutwa 1782. Aliyeyarudisha kwa kishindo ni mwandishi Walter Scott, 1822 alipomuandalia mfalme George wa Nne ziara ya Edinburgh akamvisha kilti, mabwana wote wakakimbilia kutafuta tartani ya ukoo, na wafumaji hawakuwa wajinga, wakawapatia. 1842 wakatokea ndugu wawili wakajidai wajukuu wa mwanamfalme Charles Edward Stuart wakatoa kitabu cha tartani za koo eti kutoka hati ya kale, ikaja kuonekana ni ya kughushi, na baadhi ya zile tartani watu wanavaa mpaka leo kwa heshima zote. Sasa hivi kuna daftari rasmi la tartani la serikali ya Scotland tangu 2009, mtu yeyote anaweza kusajili.

Kwa hiyo Kijana tulia. Zipo tartani za wilaya na miji, Glasgow ipo, Edinburgh ipo, Isle of Skye ipo na ni nzuri sana ya zambarau na kijani. Ila kwa adabu muulize shemeji, familia nyingine zinataka upande wa bwana harusi wavae ya ukoo wao na wageni wasivae hiyo, nyingine hawajali kabisa.

KijanaWaTandale:
Nimempigia shemeji, kasema yeye na kaka zake wanavaa ya kwao, sisi tuvae yoyote "isipokuwa ya Campbell", nikacheka nikajua ni utani kumbe baba yake yuko serious kabisa 😂

MamaLeith:
Hao watakuwa MacDonald. Glencoe, 1692, askari wakiongozwa na Campbell waliwaua MacDonald. Mwanangu usivae Campbell.

Kwa mfuko wako nenda na Black Watch. Ni bluu na kijani iliyokolea, inakaa na koti lolote, na kwa sababu ndo imezagaa kuliko zote mtumba wake ni mwingi na bei iko chini. Ukitaka tartani adimu hata mtumba unalipia uadimu.

KijanaWaTandale:
Sasa mitumba yenyewe wapi jamani, mimi maduka ya charity (mitumba ya hisani) ya Byres Road nimezunguka naona sketi za kina mama tu.

Dada_wa_Stockbridge:
Kaka hizo nyingi kweli ni za kina mama, wameandika kilti lakini kitambaa chepesi, marinda membamba, kiuno kidogo. Ya kiume inafungia upande wa kulia, ina bizimu mbili au tatu, na ukiinyanyua unashtuka uzito, yadi nane ya 16 ni karibu kilo mbili. Kama imekaa mkononi kama shuka la kitanda irudishe.

Edinburgh nenda Armstrongs pale Grassmarket, duka la nguo za zamani, lipo tangu 1840, huwa wana rundo la kilti za kiume. Charity za Stockbridge na Morningside zinapata vitu vizuri kwa sababu wazee wa huko wanafariki na watoto wanagawa kabati zima. Glasgow wikiendi ingia soko la Barras lakini uwe na macho. Mtandaoni eBay ndo baba, Gumtree na Vinted pia, ila andika vipimo vyako kwenye kutafuta usiandike "kilti" tupu utalala hapo.

Ya kukagua: inyanyue kwenye mwanga uangalie matundu ya nondo, hasa kwenye mikunjo ya ndani ya marinda maana pale nondo ndo anakaa kwa raha. Geuza uone bitana na turubai, kama turubai limekunjamana kiuno hakitakaa. Angalia nyuma kama mistari inakutana rinda kwa rinda. Harufu ya kabati inatoka ukiianika nje siku ya upepo, harufu ya jasho la miaka ya sabini haitoki. Na kwa duka la mtandaoni una siku 14 za kubadili mawazo kisheria, ila ukiagiza ya kushonewa vipimo vyako haki hiyo haipo, na kwa mtu binafsi wa Gumtree nayo haipo.

KijanaWaTandale:
Wakuu nimepata moja eBay, Black Watch, sufu 16, yadi nane, kashona fundi wa Paisley miaka ya nyuma, anataka 140. Kiuno 36, mimi kitovuni 35. Urefu 24 na mimi 24. Nibonyeze?

MsomiWaAberdeen:
Makalio?

KijanaWaTandale:
Hajaandika

MsomiWaAberdeen:
Muulize, na picha ya nyuma na ya ndani. Asipotuma achana naye.

KijanaWaTandale:
Katuma. Makalio 39. Mimi nimepimwa na mke wangu ni 42 😭

MamaLeith:
Iache.

Hesabu_Kali:
Pauni 140 sufu ya yadi nane na unaiacha? Si afumue

FundiShaaban:
Kufumua kilti ya yadi nane na kupanga marinda upya ni sawa na kushona mpya, na kila rinda alama ya mshono wa zamani inabaki. Gharama yake inunue nyingine.

KijanaWaTandale:
Nimeiacha. Imeniuma.

Nairobi_to_Minnesota:
Waru ndio shida bro, punguza chips 😂

Mtoro_wa_Bagamoyo:
Uzi umelala toka mwaka jana, mleta mada vipi, ulivaa suti?

KijanaWaTandale:
Nipo mkuu, nilikuwa nasubiri Februari kama nilivyoelekezwa. Mrejesho: wiki iliyopita duka moja la kukodisha hapa Glasgow lilikuwa linauza zilizostaafu, rundo kwenye reli. Sikupata Black Watch, za saizi yangu zilikuwa zimeshabebwa. Nimepata Isle of Skye, sufu, yadi nane, 16 kwa maneno ya muuzaji na mkononi kweli ni nzito, kiuno 37 makalio 43 urefu 24. Pauni 160. Nikainyanyua dirishani hakuna tundu hata moja, ila bitana kwa ndani imechanika kidogo upande wa bizimu na strepu moja ya ngozi imechoka. Nikataka punguzo akakataa nikalipa. Fundi anataka 30 kusogeza bizimu na kubadili hiyo strepu.

Kwa hiyo nimebaki na kama 110. Sporani na viatu navyo vipya au mtumba? Koti nakodi.

MamaLeith:
Hongera mwanangu, na Isle of Skye itakupendeza kuliko hata hiyo Black Watch. Sporani nunua ya ngozi ya kawaida ya mchana, mtumba sawa tu, angalia mnyororo wake usiwe umelika maana unakwaruza kitambaa nyuma. Zile za manyoya ya sili za zamani ziache, ukisafiri nazo nchi nyingine zinakutia matatani forodhani. Viatu mtumba usinunue, vile vya kamba ndefu vya bei chee soli inabanduka ukicheza, tafuta tu viatu vyako vyeusi vya ngozi vya heshima, hakuna atakayeangalia. Hela weka kwenye soksi, sufu, ndefu, nene, za rangi ya maziwa au kijivu, nyeupe pe zile waachie wapiga bagipaipu.

Ile pini ya mbele ichomeke tabaka la juu peke yake, ukishika yote mawili kilti haitembei na siku ukikaa vibaya inachana. Na ukifika kwa fundi mwambie akuangalizie kama mshono wa juu wa marinda umeshika pote, za kukodisha huwa zinaanza kufumuka pale watu wanapokalia.

BabaMdogoTanga:
Mama Leith shikamoo. Mimi futi kamba ninayo hapa na mke wangu kashanipima. Kitovuni 44, makalio 43. Hiyo inawezekana kweli au nije na kanzu?

MamaLeith:
Marahaba baba, wapo wengi huku wa hivyo, tunao mpaka 56. Nitumie na urefu kutoka kitovuni mpaka gotini, na namba ya kiatu.